Mboga ya Bahari Haina Chumvi

Siku ya kwanza niliyolishwa yale majani nilisema hayana chumvi, na mama akaongeza chumvi. Naanza na hilo kwa sababu liliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Katika nyumba yetu ukisema jambo, watu wanasikia sauti, neno hawalisikii.

Ugonjwa ulikuwa rovu, ule uvimbe unaoota mbele ya shingo. Mama yangu anatoka Wamaza, upande wa Kabambare, na kwao karibu kila ukoo una mwanamke mwenye rovu, wala hakuna anayegeuza kichwa kumtazama. Mimi lilinianza Kasongo, mwaka uleule nilipopewa kuongoza kasida za wanawake wakati wa Maulidi. Kwanza shanga zangu zilinibana. Kisha sauti ikaanza kukwaruza, na kila nilipofika mahali pa kuipandisha ilikatika. Watu wa mtaani walisema ni kijicho, kwa kuwa kwao hata mvua ikichelewa ni kijicho.

Baba yangu, Hemedi, alikuwa fundi wa kushona nguo karibu na soko, mtu mpole asiyeweza kumwambia mteja kwamba kanzu imempwaya. Alinipeleka hospitali. Daktari Mbelgiji alinishika shingo kwa vidole vya baridi, akaniambia nimeze maji, akasema maneno mengi ya Kifaransa. Aliyetufasiria alikuwa muuguzi Zéphirin, Mzimba kwa kabila, aliyelelewa misheni, mtu wa heshima sana. Heshima yake hiyo ilikaribia kunimaliza.

"Munganga anasema udongo ya kwetu iko na upungufu," alisema Zéphirin. "Kuna kintu inaitwa iyodi. Iko mu bahari. Majani ya kijani yenye inaota mu maji ya bahari inaikunywa ile iyodi. Watu ya kule wanakula majani, wanakula samaki, na rovu haiwapate."

"Na dawa yake?" baba aliuliza.

"Dawa ya chupa ilikwisha. Ingine iko njiani. Lakini mukipata ile majani, anasema ni muzuri pia." Kisha daktari alipitisha kidole shingoni mwake, na Zéphirin akainamisha macho. "Mvua zikikatika, kama shingo haijapunguka, ataenda Kindu, watamupasua."

Habari za Kindu tulizijua. Jirani yetu Emilienne alikwenda Kindu na rovu, akarudi bila rovu na bila sauti. Akitaka kuwaita watoto wake anapiga makofi. Shingo yake sasa ni nzuri, nyembamba, na watu wanaisifu, na yeye anawasikiliza wakiisifu bila kuweza kujibu. Nilipotoka hospitali sikuwa na ombi jingine kwa Mungu: shingo ipungue kabla mvua hazijakatika, nibaki na sauti yangu.

Baba, yeye, alitoka pale anatabasamu. Alikuwa amesikia neno bahari, na hilo ni neno usilolitaja ovyo mbele ya ukoo wetu. Sisi ni wajukuu wa watu waliokuja na misafara kutoka pwani, na hatujampa mtu yeyote wa Kasongo nafasi ya kusahau. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akisukuma sahani ya mama pembeni na kusema, "Sisi watu ya pwani hatukulake hivi." Mama alivumilia maneno hayo tangu siku aliyoolewa. Bibi mwenyewe hakuwahi kuiona hiyo pwani, wala mama yake.

Aliyekuwa anatuwakilisha huko ni baba mkubwa Faradji, kaka yake baba. Alikuwa na duka Kabambare, na mara kwa mara alishuka mpaka Baraka, kando ya Tanganyika, kuchukua dagaa na vitambaa. Safari hiyo kwetu ilikuwa na jina lake. "Faradji iko wapi?" "Amekwenda bahari." Mtaa mzima ulisema hivyo, Waislamu na Wakristo, kwa kuwa ukisimama Baraka ukitazama mbele ni maji mpaka macho yachoke, na bahari nyingine hakuna aliyeiona. Basi baba alipomtumia ujumbe kwamba tunataka majani ya kijani ya bahari, Faradji alijibu kwamba tumefika kwa wenyewe.

Alikuja na gunia zima juu ya lori. Alikuwa amepitia kwake Kabambare, ambako walisoma fatiha juu ya gunia na kulipunguza kidogo. Kwetu tukasoma fatiha nyingine. Majani yalikuwa laini, ya kijani iliyoiva, yamekauka nusu, yananuka dagaa. Faradji alisimama kando ya gunia kana kwamba kayapanda yeye.

"Nimechuna na mukono yangu," alisema. "Kutoka Baraka. Sikiliza hata jina."

Mama aliyaloweka, akayapika kwa mawese na pilipili kama sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Watu wote wakanizunguka kunitazama nikila. Ukitaka chakula kisipite kooni, mzunguke mwenye rovu.

"Inasema nini mu kinywa?" aliuliza Bibi.

"Haina chumvi," nilisema.

Uso wa mama ulibadilika. Miaka yote mama mkwe anakisema chakula chake, na sasa anaanza binti wa tumbo lake, mbele ya wageni. Alitia chumvi kwa mkono mzito, na nikala.

Kesho yake nilijaribu tena. Nilimfuata mama jikoni nikamwambia polepole, "Mama, sisemi mapishi yako. Nasema majani yenyewe. Nilitafuna moja kavu. Haina chumvi hata kidogo. Kintu ya bahari itakosa chumvi namna gani?"

Halikuwa swali la kijinga. Baba mkubwa Faradji mwenyewe aliuza chumvi nyeupe ya magunia dukani kwake, akiisifu kwa jina la chumvi ya bahari, na akiwacheka wanawake wa Wamaza wanaochoma majani ya kinamasi na kuchuja majivu yake kupata chumvi yao nyeusi. Mimi nilijiuliza tu: kama chumvi inatoka bahari, majani yaliyolala humo mchana na usiku yaliikwepaje?

"Mutoto anafundisha bahari kwa watu ya bahari," alisema Bibi kutoka mlangoni. Aliingia, akachota chumvi kwa vidole vyake, akaiongeza juu ya ile ya mama.

Nilimuuliza Faradji alipopita. Akafikiri kidogo, akaniambia kwamba chumvi ilikuwako, ila jua la njiani liliikausha. Jua likakausha chumvi. Mtu huyu alikuwa mfanyabiashara, ana mizani dukani, na watu walimheshimu. Nilitaka kulia, lakini kulia kulinibana koo.

Basi nikawa ninakula. Asubuhi majani, jioni majani, na kila nilipofungua mdomo kusema neno langu, mkono wa mtu ulikwenda kwenye chungu cha chumvi. Mwishowe nikanyamaza. Wakasema, mnaona, sasa imekolea.

Kila Ijumaa, baada ya sala, baba alinipima shingo kwa utepe wake wa kupimia nguo. Ijumaa ya kwanza alitangaza kwamba imepungua, nikambusu mkono. Ya pili imepungua. Ya tatu nilikohoa, kwa kuwa utepe ulikuwa unaingia nyamani, na nikatazama mkono wake nikaona vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe.

"Baba, unavuta."

"Mukono yangu iko ile ile," alisema, akatazama pembeni.

Nimekaa na baba dukani tangu utotoni. Najua anavyopima kola ya mtu: anaweka kidole chake kati ya utepe na shingo, ili mwenye nguo apumue. Kwangu hakuweka kidole. Alivuta, akasoma, akatabasamu, akaandika kwenye ubao wa mlangoni kwa chaki watu wote waone. Nilimkasirikia na nilimhurumia kwa wakati mmoja, na hiyo ni hali inayochosha kuliko zote mbili.

Mtaa nao ukaingia. Mzee Bulaimu, jirani yetu, aliomba kiganja cha majani akasema goti lake limepona. Mwingine akasema analala vizuri. Faradji akawa anagawa kwa kipimo na kupokea shukrani, na kila mtu Kasongo akapona kitu fulani isipokuwa mimi. Kwenye mazoezi ya kasida sauti yangu ilikatika katikati ya ubeti, wanawake wakatazamana, wakampa Hawa nafasi yangu. Hawa anaimbia puani. Nilikosa usingizi kwa sababu ya Hawa kuliko kwa sababu ya kisu.

Mvua zilipokaribia kukatika tulirudi hospitali. Baba alikuwa na matumaini ya ubao wake wa chaki. Faradji alikuja kutoka Kabambare na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akishika kitambaa chenye majani yaliyosalia, tayari kupongezwa na daktari.

Daktari alinishika shingo, akakunja uso. Akauliza tumetumia nini. Faradji akafungua kitambaa. Daktari alichukua jani, akalitafuna kidogo kwa meno ya mbele, akalitema kwenye ndoo. Akauliza kitu kimoja kifupi.

"Munganga anauliza ulitoa wapi hii majani," alisema Zéphirin.

"Bahari. Kwa Baraka."

Daktari alisema tena, kwa sauti ya juu kidogo. Zéphirin alilamba midomo.

"Anasema hii si majani ya bahari."

"Nilichuna na mukono yangu. Maji ilinifika hapa," alisema Faradji, akigusa kiuno.

"Anasema ile si bahari."

"Kama si bahari, iko nini?"

Zéphirin alinitazama mimi, akamtazama baba, akatazama viatu vyake. Jasho lilikuwa linamtoka. "Iko bahari," alisema. "Lakini si bahari. Kuna bahari, na kuna... bahari."

Daktari alirudia neno lilelile la Kifaransa, mara hii kama anayemwita mtu aliyelala. Hapo nikaelewa kwamba kuna neno moja ambalo muuguzi huyu amelimeza na hataki kulitapika. Sikuwa na subira tena. "Baba Zéphirin," nilimwambia, "sema ile neno. Ni shingo yangu."

"Siwezi kuisema mbele ya baba yako."

"Uiseme," alisema baba.

"Munganga anasema," Zéphirin aliiambia sakafu, "ni ziwa."

Baba akasimama. Sijawahi kumwona baba amesimama namna ile, hata siku aliyoibiwa mkasi. "Ziwa ya nani?"

Mtu wa mbali hataelewa. Sisi kwetu yale maji ya Baraka tunayaita bahari, kwa hiyo neno ziwa halikubaki na kazi nyingine ila ile ya kifua cha mwanamke. Hulitamki mbele ya binti wa watu na baba yake, hasa ukiwa Mkristo wa misheni unayelinda jina lako.

"Mutoto yangu anaumwa shingo," baba alisema. "Ziwa yake inaingia hapa namna gani? Munganga anatazama wapi?"

Nilijifunika uso kwa kitambaa changu cha kichwa. Daktari alituangalia mmoja mmoja, hajui ugomvi umetoka wapi. Faradji alikuwa ameinua fimbo yake nusu. Ilibidi Zéphirin aseme yote, haraka, bila kupumua: ziwa ya maji, si ziwa ya mwanamke, Wazungu wana maneno mawili, moja ya maji makubwa yenye kunyweka, moja ya maji makubwa ya chumvi, ile ya Baraka ni ya kwanza, haina iyodi ya kumusaidia mutu.

"Na siku ya kwanza," aliendelea, sauti imeshuka, "munganga alisema wazi. Alisema isikuwe majani ya ziwa. Nikaona mutoto mwanamuke iko mbele yangu, na baba yake. Nikaruka ile neno."

Faradji akashusha fimbo.

"Maji ya chumvi," alisema. "Na kila kintu ya mule iko na chumvi?"

"Njo vile. Mpaka majani."

Baba na Faradji wakageuka wakanitazama. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema wazee, lakini masikio yaliyokuwa yamekufa hayakuwa yangu, na aliyekuwa anapelekwa kupasuliwa ni mimi. Nilikuwa na maneno mengi ya kuwaambia. Sauti haikutoka vizuri, nikayaacha.

Dawa ya chupa ilikuwa bado njiani. Zéphirin alimsihi daktari kwa muda mrefu, akijipiga kifua, mpaka daktari akakubali kungoja kiangazi chote. Mvua zikirudi na shingo iko vilevile, Kindu.

Tulipofika nyumbani nilichukua utepe ukutani nikampa baba. "Nipime sawa vile unapima watu," nilimwambia. Aliweka kidole kati ya utepe na shingo yangu. Alisoma, akafuta ubao wote kwa mkono wa kanzu yake. Faradji alikuwa amesimama mlangoni na aliona. Mama, alipokwisha kuelezwa, alikwenda jikoni akafunika chungu cha chumvi, akakaa huko peke yake.

Asubuhi Faradji hakuwapo. Tulidhani amerudi Kabambare. Watu wa Kabambare wakatuma kuuliza kama yuko Kasongo. Mke wake akaanza kusema maneno mabaya juu ya mwanamke fulani wa Salamabila, na Bibi akaanza kumwombea dua ya maiti kwa tahadhari. Ndiyo familia yangu hiyo. Mimi nilikuwa nahesabu kiangazi kinavyokwisha.

Alirudi kiangazi kikiwa katikati, siku ya soko, amekonda, kanzu imekuwa rangi ya njia. Hakuwa na gunia. Alikuwa na furushi dogo kifuani, ndani ya nguo. Alikaa mkekani, akaomba maji, akanywa kikombe, akaomba kingine, akakitazama kabla ya kukinywa.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza Bibi.

"Bahari."

Hakuna aliyethubutu kuuliza ipi.

Alikuwa amevuka Tanganyika mpaka Kigoma, kwa Waingereza, akapanda treni mpaka mwisho wa reli, Dar es Salaam, akashuka kwa miguu hadi majini. Alituambia hayo akitazama mkeka. Bibi akamhimiza, "Sema. Iko namna gani, bahari ya kwetu?"

"Maji yake hainyweke, mama."

"Namna gani hainyweke?"

"Nilifika na kiu ya njia. Nikapiga magoti sawa mutoto anayerudi kwao. Nikachota na mikono mbili, nikakunywa. Nikatapika. Wanawake walikuwa pale wanaokota makombe, wakanicheka. Wakaniuliza natoka wapi. Nikasema mimi ni mutu ya pwani." Alijifuta mdomo kana kwamba ladha bado ipo. "Wakacheka tena. Kisha wakanihurumia, wakanionyesha majani. Wanayaita mwani."

Maisha yake yote Bibi alikuwa anatueleza bahari, minazi yake, upepo wake, watu wake walivyo safi. "Mama yangu hakunambiake," alisema mwishowe. Tangu siku hiyo hakuisukuma tena sahani ya mama.

Majani yalikuwa mapana na mepesi, ya kijani angavu, na pembeni yamepiga weupe. Tuliyapeleka kwanza hospitali, maana tulikuwa tumekoma. Daktari alionja moja, safari hii hakutema. Zéphirin akafasiri kila neno, hata yale yasiyotuhusu: kidogo tu kwa siku, kiasi cha kushika kwa ncha ya vidole, kwa sababu yakizidi nayo ni ugonjwa, na mzee Bulaimu na goti lake asiyaguse.

Mama alipika kipimo cha siku moja katika chungu kilekile. Hawakunizunguka safari hii. Kila mtu alijifanya ana kazi. Baba alishona kitambaa kwa sindano isiyo na uzi. Nikatia kipande mdomoni, nikatafuna, nikasubiri kuwa na hakika.

"Mama," nilisema, "chumvi imezidi."

Mama aliweka mwiko chini. "Sikutia," alisema. "Sikutia hata kidogo, Aziza." Akakaa palepale chini jikoni akalia, na mimi nikala yote mpaka chungu kikawa kikavu.

Mvua za kwanza zilipoanza kupiga bati la duka, baba aliniita. Alichukua utepe, akauzungusha shingoni mwangu kwa upole, akaweka kidole, kisha kidole cha pili. Utepe uliteleza ukalala juu ya mabega.

"Vuta kidogo, baba. Itaanguka."

"Fundi havutake metre," alisema, uso mkavu kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kufanya jambo hilo maishani mwake.

Nilitaka kumkumbusha kila Ijumaa moja baada ya nyingine. Badala yake nilicheka, na kicheko kikapanda juu, kikatoka chote, hakikukatika.